Range Rover Sport au Prado ya mwaka huohuo: ushauri wa waliokaa nayo hadi wakajua gharama zake

MkaziWaGoba

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliokaa na magari haya kwa miaka, si wa waliopanda mara moja kwenda harusini. Natafuta gari la familia ya watu watano, na dalali amenionesha mawili ya mwaka 2014, yote yakiwa yameshasajiliwa nchini: Range Rover Sport ya dizeli yenye injini ya lita 3.0 kwa shilingi milioni 95, na Toyota Land Cruiser Prado ya petroli yenye injini ya lita 2.7 kwa milioni 92. Gari litatoka Goba kwenda Posta, hapa Dar es Salaam, na kurudi kila siku ya kazi, na mara tatu kwa mwaka litatupeleka Moshi, jumla kama kilomita 15,000 kwa mwaka.

Sitaki kuwaficha kwamba moyo wangu uko kwenye Range. Nimeiendesha kutoka Goba hadi Makongo, na niliporudi sikuwa tena na hamu ya kupanda nyingine. Kinachonizuia ni maneno ya shemeji yangu, anayesema kununua gari lile lililotumika ni sawa na kuoa mke wa pili bila kumwambia wa kwanza. Naomba mnisaidie kujua tofauti ya gharama iko wapi hasa: ni mafuta, bima au matengenezo? Na je, ubovu unaosemwa ni wa gari lenyewe, au ni sisi tunaoshindwa kulitunza?

MhasibuMbezi

Ndugu, nianze na mafuta kwa sababu ndiyo watu wengi huyaogopa, nawe utaona kwamba hayana uzito mkubwa katika uamuzi huu. Tuchukue lita moja kwa shilingi 3,000, iwe petroli au dizeli, ili hesabu iwe nyepesi. Range ya dizeli kwenye foleni zetu ikikupa kilomita 8 kwa lita, utachoma lita 1,875 kwa mwaka, yaani shilingi 5,625,000. Prado ya petroli, ambayo ni nzito na injini yake ni ndogo kwa mwili ule, ikikupa kilomita 7.5, utachoma lita 2,000, yaani milioni 6. Anayekuambia Range itakufilisi kwenye kituo cha mafuta anafikiria ile ya petroli yenye silinda nane.

Bima nayo haitofautishi. Bima kubwa hutozwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, ukiongeza VAT ya asilimia 18. Kwa gari la milioni 90 utalipa 3,150,000 pamoja na VAT ya 567,000, jumla 3,717,000, liwe la Kiingereza au la Kijapani. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba bima hiyo inalipia ajali, moto na wizi. Hailipii gia boksi iliyochoka wala kompresa iliyoungua, yaani ile pampu ya hewa inayoliinua gari.

Iwapo utaghairi na kuagiza mwenyewe kutoka nje, kumbuka ushuru wa uchakavu: gari lenye miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30, kisha VAT hupigwa juu ya vyote hivyo. Kwa magari ya 2014 ni afadhali haya yaliyokwishalipiwa.

Tofauti yako basi iko kwenye matengenezo na kwenye bei utakayouzia. Gari lililouzwa likiwa jipya kwa mamia ya milioni linaweza kushuka hadi 95, lakini taa yake ya mbele haijashuka hata kidogo. Bado inauzwa kwa bei ya gari la mamia ya milioni. Ndiyo maana ninawashauri wateja wangu kwamba mwenye milioni 95 anunue Range ya milioni 75, na zile 20 azifungie akaunti ambayo hataigusa ila kwa ajili ya gari. Asiyeweza kuzifungia, asinunue.

MpandaMilima

Mimi nina mwaka wa nne na gari la Ulaya lenye mifuko ya hewa badala ya springi, kama ile Range yako. Kampuni sitaitaja, na gereji zilizonihangaisha nazo nitazihifadhi, ila kisa chenyewe nitakisimulia kwa urefu kidogo kwa sababu kinajibu swali lako la mwisho.

Asubuhi moja nilitoka nje nikakuta gari limepiga magoti nyuma kama ngamia anayesubiri mzigo. Niliwasha, likajiinua taratibu, nikaenda kazini nikiwa nimesahau. Baada ya wiki mbili likagoma kuinuka. Fundi wa kwanza akalipima kwa kompyuta, kompyuta ikasema kompresa, naye akafunga kompresa ya mtumba. Ilidumu miezi mitatu. Fundi wa pili akaniambia yule wa kwanza aliniuzia takataka, akafunga mpya kabisa, nayo ikaungua kabla ya Krismasi, tukiwa tumeshapakia mizigo. Hapo nilikuwa nimetumia fedha ambazo sikuthubutu kumweleza mke wangu.

Fundi wa tatu ni mzee mmoja asiye na bango. Hakuchomeka kompyuta. Aliomba sabuni ya unga, akaikoroga na maji kwenye chupa ya kupulizia ya mke wangu ya kunyooshea nguo, akalala chini ya gari na kupulizia mfuko wa nyuma wa kushoto. Tukasubiri. Kwenye kunjo la mpira likaanza kujitokeza povu dogo, tone baada ya tone, kama uji unaoanza kuchemka. Mfuko ulikuwa na ufa usioonekana kwa macho, hewa ikivuja usiku kucha, na kompresa ikilazimika kufanya kazi muda wote kufidia hewa iliyopotea, hadi inaungua. Kompyuta haikusema uongo, kwa kuwa kompresa ilikuwa imekufa kweli. Haikusema tu ni nani aliyeiua.

Tulibadilisha mifuko miwili ya nyuma, tukafunga kompresa ya tatu, na mpaka leo ni mwaka wa pili gari linasimama wima. Kwa hiyo, ndugu yangu, gari lilikuwa na ubovu mmoja wa kawaida wa umri wake, nami nikaulipia mara tatu. Bado nalipenda, na nikiwa barabarani baada ya Segera sioni cha kulinganisha nalo.

Spana14

Aliyenitangulia amelieleza suala la hewa vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi, nami nitabaki kwenye injini na bodi.

Range Rover Sport ya 2014 ni kizazi cha pili, kilichozinduliwa mwaka 2013. Bodi yake ni ya alumini, na kiwanda kilitangaza kwamba uzito wa gari umepungua kwa hadi kilo 420 ukilinganishwa na wa kizazi cha kwanza. Hilo ni jema kwa mafuta na kwa breki, lakini ujue kwamba bodi hiyo imeunganishwa kwa ribiti na gundi, na fundi wa kunyoosha bodi aliyezoea chuma akiigonga na kuichomelea kwa mazoea yake, ataiharibu. Ukinunua, chunguza kama imewahi kugongwa, kwa sababu ajali ndogo kwenye alumini si ndogo.

Injini ile ya dizeli ya V6 ina nguvu na ni tulivu, na ina mambo mawili yanayojulikana duniani kote kwa wanaoifanyia kazi. La kwanza ni mikanda. Uko wa mbele, yaani taimingi belti, na uko mwingine mdogo nyuma ya injini unaozungusha pampu ya mafuta. Wengi hubadilisha wa mbele wakamwambia mteja kazi imekwisha. Muulize muuzaji mikanda yote miwili ilibadilishwa lini, naye akuoneshe risiti, si akusimulie. La pili ni krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Injini hizi zina sifa mbaya ya bearingi za krenki kugeuka mahali pake, na baadhi ya krenki hukatika kabisa. Ikitokea, hapana matengenezo ya maana isipokuwa kutafuta injini nyingine. Hakuna kipimo cha nje kitakachokuhakikishia kwamba haitatokea, ila oili safi inasaidia. Maelezo ya kiwanda kwa soko la Ulaya yanaruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kabla ya kumwaga oili. Huyo aliyeyaandika hakuwahi kukaa saa mbili kwenye foleni ya Mwenge injini ikiunguruma bila gari kusogea. Mimi humwaga kila kilomita 7,000, kwa oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, hata ikiwa bei yake inauma.

Kuna pia kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Hujisafisha kwa kuyaunguza masizi, na ili kipate joto la kutosha kinahitaji mwendo wa barabara kuu. Safari zako za Goba na Posta hazitakipa nafasi hiyo, hivyo kila wiki mbili au tatu litoe gari lipate nusu saa ya mwendo usiokatika. Dizeli yetu si ile ya zamani. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Hata hivyo, magari haya yaliundwa kwa dizeli ya Ulaya ambayo salfa yake haizidi 10, kwa hiyo usijaze kwenye kituo usichokiamini.

Kuhusu Prado uliyooneshwa, nina machache, na machache hayo ndiyo sifa yake. Injini ya 2.7 haina turbo, haina taimingi belti bali cheni, na fundi yeyote kutoka hapa hadi Tunduma anaijua. Spea unazipata mtaani Gerezani kabla chai haijapoa, ila za bandia zinauzwa kwenye maboksi mazuri kuliko ya halisi.

Kabla ya kulipa gari lolote lenye mifuko ya hewa, nenda saa kumi na mbili asubuhi, na umwombe mwenye gari asiliwashe. Beba futi ya fundi nguo, upime kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa bodi juu yake. Upande wa kulia na wa kushoto usipolingana, umeshapata jibu.

PradoTanoYaNne

Nadhani tunamtisha ndugu yetu upande mmoja tu. Toyota nazo si malaika. Prado za dizeli za lita 2.8 zilizoanza mwaka 2015 zilipata matatizo ya kichujio hichohicho cha masizi, hadi mahakama ya Australia mwaka 2022 ikaamua kwamba wanunuzi wa nchi ile wanastahili fidia. Hiyo ya petroli haihusiki, lakini ina ugonjwa mwingine ambao hakuna fundi wa kuutibu: haina mbio. Ukiwa na watu watano na mizigo ya sikukuu, kulipita lori la shehena kwenye mlima ni jambo la kufanyia hesabu kwanza. Mimi nilivumilia miaka mitano. Nilipoiuza nilirudishiwa sehemu kubwa ya fedha niliyonunulia, na mnunuzi alipatikana siku tatu baada ya kumwambia jirani, kabla hata sijaweka tangazo.

MkaziWaGoba

Nawashukuru nyote, hasa dada mhasibu kwa kunivua hofu ya mafuta, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiilalia na kuamka nayo. Nimemwonesha mke wangu maelezo ya MpandaMilima, naye ameuliza kwa nini chupa iliyotumika ilikuwa ya mke.

Jumamosi niliamka mapema. Dalali alikuwa ameniongezea magari mengine mawili ya Ulaya ya aina hiyohiyo ya mifuko, ambayo sitayataja kwa sababu wenyewe wako humu mjini. Nilifika kwa mwenye la kwanza kabla ya saa kumi na mbili na nusu, futi mfukoni. Mbele pande zote zililingana. Nyuma, upande wa kushoto ulikuwa chini kwa sentimita nne. Mwenye gari akasema uwanja wake una mwinamo. Nikamwomba tulisukume tuligeuze bila kuliwasha, akaniangalia kama mtu aliyetumwa na mahakama, lakini akakubali. Tulipoligeuza, uliokuwa chini ni upande uleule wa kushoto. Hapo hapo akapunguza milioni nane kabla sijafungua mdomo.

Swali langu sasa kwa Spana14: milioni nane zinatosha kwa ubovu huo, au nikubali tu kwamba Prado ndiyo ya mtu kama mimi?

Spana14

Ikiwa ni mfuko mmoja peke yake, zinatosha na chenji inabaki. Ikiwa kompresa imeshafanya kazi kwa miezi kufidia uvujaji, hazitoshi, na aliyepunguza haraka kiasi hicho huenda analijua jibu. Mwombe akuruhusu urudi na fundi wako na chupa ya maji ya sabuni. Akikataa, ile Prado bado ipo kwa dalali.