Tupeane uzoefu: wasifu wa mama aliyekuwa mwalimu unaandikwaje?

Chaki Nyeupe: Wakuu, juzi makaburini umesomwa wasifu wa mama wa miaka 86, na kazi yake yote imebanwa kwenye sentensi moja: "alifundisha shule mbalimbali." Imeniuma sana. Familia wameomba uandikwe upya kwa ajili ya arobaini. Wanaojua, tupeane uzoefu.

Binti Temeke: "Mbalimbali" ndilo neno la kufuta kwanza. Anzia kwenye sanduku lake. Tafuta barua ya ajira, barua za uhamisho na ya kustaafu, zipange kwa tarehe. Utapata kila shule na miaka yake. Penye pengo mpigie mwalimu aliyekaa naye nyumba za walimu. Kisha uliza alifundisha nini hasa. Aliyeshika darasa la kwanza alifundisha ba-be-bi-bo-bu, akahesabisha kwa vijiti na vizibo vya soda, akamshika mkono mtoto anayeandika 3 kinyumenyume. Andika hivyo, waliopita mikononi mwake watamwona tena. Na kwa walimu wa zama zile msisahau kisomo, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika! 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wengi asubuhi walikuwa na watoto, jioni na wazazi wa watoto haohao. Barua ya uhamisho haitakwambia hilo, lazima uulize.

Kaka wa Tabata: Kweli tupu, kisomo husahaulika mno.

Mzee wa Kamati: Usizidi ukurasa mmoja na nusu wa A4. Maneno 500 yakisomwa taratibu ni dakika tano hivi. Jua la saa nane makaburini haliwasubiri wazee.

Binti Temeke: Sikubali. Miaka 86 kwa dakika tano?

Mzee wa Kamati: Basi andika mbili. Fupi ya kusoma, ndefu ya kuchapa kwenye kijitabu cha arobaini.

Ukhti wa Magomeni: Kwetu Waislamu mazishi hayacheleweshwi, kwa hiyo msihangaike na karatasi kabla ya kuzika. Kusanyeni kumbukumbu taratibu, zisomwe siku ya hitma.

Jirani wa Mbagala: Hesabuni watoto vizuri! Kuna msiba msomaji alitamka "ameacha watoto watano." Akasimama mwanamume wa makamo, machozi yanamtoka: "Na mimi je?" Marehemu alimchukua akiwa darasa la pili, yatima, akamlea mpaka akaoa. Orodha ilikuwa imeandikwa usiku na ndugu aliyetoka mkoani, hakumwuliza mtu. Makaburi yote kimya. Mtoto mkubwa akaichukua karatasi, akasoma upya: "Watoto sita."

Kaka wa Tabata: Jamani! Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mwanasheria Mtaani: Angalieni lakini, mkiandika "watoto sita" italeta maneno kwenye mirathi.

Jirani wa Mbagala: Wasifu si fomu ya mirathi!

Mzee wa Kamati: Andika "aliwazaa watano, akamlea" na jina lake. Kila mtu yumo, hakuna uongo. Halafu mtu mmoja kutoka kila tawi la familia aisome kabla ya kuchapwa.

Fundi Picha: Picha. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, uso utabaki kwenye kioo. Ipige humohumo, karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi. Iliyonata kwenye albamu, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole. Ukiskani weka kipimo cha ubora, dpi, kiwe 600. Kwa mchapaji itume WhatsApp kama dokumenti, ukiituma kama picha inapungua ubora na sura inatoka na ukungu.

Binti Temeke: Na mwaka wa kuzaliwa! Wazee wengi wana mmoja kwenye cheti cha ubatizo, mwingine kwenye barua ya ajira. Kubalianeni mapema, uwe mmoja kwenye wasifu na msalabani.

Kaka wa Tabata: Mimi ningeandika mwaka tu, tarehe niache.

Chaki Nyeupe: Asanteni sana. Barua za uhamisho zimepatikana tatu. Mwalimu mwenzake yupo Kigamboni, bado ana kumbukumbu nzuri. Nampigia sasa hivi nimuulize habari za kisomo.