Droni kukatika signali Lamu na Malindi: tupeane uzoefu wa kushika rimoti

Mvinje_Malindi (mwenye uzi)
Jamani, salaam aleikum. Kaskazi imeingia, wageni wamejaa, kila hoteli yataka video ya angani, na vijana hawaishi kuniletea rimoti wakidai ni mbovu. "Picha yaganda nikivuka mwamba tu." Nikimwambia aishike anavyoishika kazini, karibu kila mmoja hufanya lile lile: huzilaza antena mbele, ncha zikaielekea droni, akiamini mawimbi hutokea nchani.

Hayatokei huko. Chukua fimbo uipitishe katikati ya tairi la baiskeli. Fimbo ndiyo antena, tairi ndiyo mawimbi yalivyokaa: yametanda ubavuni pande zote, na huko ncha inakotazama hamna kitu. Kwa hiyo droni na ione ule upana bapa wa antena. Ikiwa mbali na iko chini, zisimamishe. Ikiwa juu ya kichwa chako, zilaze upana utazame mbinguni. Ziende sambamba, zisipishane.

Leteni visa vyenu. Ilikukatikia wapi, na ulibadilisha nini ikarudi?

Darini_Langoni
Huku Lamu adui ni kuta. Mji wa kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene, na vichochoro punda wawili hupishana kwa taabu. Ukirusha ukiwa kichochoroni, droni ikishapita paa la jirani basi, antena uigeuze utakavyo. Siku ya mashindano ya majahazi nilianzia chini pwani, watu wamenizunguka, picha ikawa vipande vipande. Nikabisha hodi nyumba ya shangazi, nikapanda mpaka darini. Droni ile ile, rimoti ile ile, nikayafuata majahazi mkondo mzima bila kuganda hata mara moja.

Ila ukifika darini angalia umesimama wapi. Jamaa yangu alikuwa ameegemea tangi la maji, droni iko upande wa pili wa tangi, naye alaumu betri.

Rubani_Mpole
Swali kwa Darini: mkondo mzima, na uwanja wa ndege wa Manda uko hapo ng'ambo? Kanuni za droni za Kenya za 2020 ziko wazi: droni isajiliwe KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, isipite futi 400 kutoka ardhini, na uwe waiona kwa macho yako. Karibu na uwanja wa ndege lazima kibali. Na nyinyi wa Malindi msicheke, uwanja wenu uko mjini.

Darini_Langoni
Kibali nilikuwa nacho, ndugu. Hata hao wa usalama huku hawana mchezo.

Tezi_na_Omo
Mimi kazi zangu ni za mashuani, Shela na Manda. Chombo kikigeuza tanga, nami nimegeuka nacho, na mwili wangu umeingia kati ya rimoti na droni. Binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hula mawimbi vibaya sana. Picha ilikuwa yaanza kukwaruza kila tukigeuka, nikidhani ni upepo. Siku hizi nakaa tezi palipo wazi, rimoti nimeiinua usawa wa kifua, na kiuno chageuka na droni badala ya kugeuka na chombo. Nahodha asema nacheza chakacha.

Jambo kubwa zaidi kwa wa mashuani: signali ikikatika, droni hurudi ilikorukia. Huko ilikorukia sasa ni bahari tupu. Ingia kwenye mipangilio uiambie "nyumbani" ni hapa rimoti ilipo, na ukumbuke kuibadilisha tena chombo kikisogea.

Binti_Mambrui
Marafa, kule Nyari. Umesimama nyuma ya ukingo, wateremsha droni bondeni kati ya ile minara ya udongo mwekundu, kisha puu, skrini kijivu. Ukingo wenyewe ndio umekatiza. Nilisogea mpaka mahali nikaweza kuona chini kabisa, nikaiinamisha rimoti. Ikarudi. Kanuni yangu kule: nisipoiona droni, hata rimoti haiioni.

Mvinje_Malindi
Ahsante binti. Na masafa ya mawimbi je? Mimi hoteli za ufukweni hunisumbua, kila chumba kina WiFi. Nikihama gigahazi 2.4 kwenda 5.8, picha yatulia.

Mikoko_Kipungani
Kwako sawa, kwangu kinyume. Penye miti, 5.8 haifui dafu. Majani humaliza nguvu yake upesi. Mikokoni nabaki 2.4, na huko WiFi ya kunisumbua haipo.

Mgeni_wa_Angani
Samahani wakubwa, rimoti yangu haina antena za nje. Nigeuze nini?

Binti_Mambrui
Kama ni ile yenye kishikio cha simu kwa juu, antena zimo ndani ya kishikio. Kivute juu, usikifumbate kwa vidole, na mgongo wa simu uitazame droni. Simu yako ya pili iweke mfukoni, si juu ya rimoti.

Mgeni_wa_Angani
Shukran dada. Na vile vibati vya kuongeza nguvu vyafaa?

Tezi_na_Omo
Vyasukuma mawimbi mbele kwa kuyanyima ubavuni. Nchi kavu, droni ikiwa upande mmoja, vyasaidia. Mashuani, ukigeuka kidogo tu imekwisha. Changu nakiuza, bado kimo ndani ya boksi. Anayetaka aje PM.