Miaka 63, jogoo hawiki: ni uzee au kuna ugonjwa?

Mstaafu63: Wakuu, habari zenu. Nimesita wiki nzima kuandika hili. Nina miaka 63, nimestaafu mwaka jana, na mama watoto tuko mwaka wa 34. Tangu miezi minane hivi tendo la ndoa limekuwa mtihani. Hamu ninayo, mwili ndio hauitiki. Ukiitika, unazima katikati. Natumia dawa ya presha, sigara niliacha zamani. Halafu tangu binti yetu arudi nyumbani, mjukuu analala chumbani kwetu. Mke wangu haulizi kitu, na huo ukimya ndio unaoniua. Nahisi anadhani nina mtu nje. Jirani kanipa vidonge vya bluu vya nguvu za kiume, vimo mfukoni mwa koti. Nimeze?

KijanaWaZamani: Mkuu, mimi 66, tuko meza moja. Nilishajiambia ni umri, nikahamia kwenye taarifa ya habari.

NesiMstaafu: Kaka, usimeze kwanza. Mtu anayetumia dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti, zikiwamo za kuweka chini ya ulimi, akichanganya na hivyo vya bluu presha inaweza kuporomoka akafa. Sasa nijibu: alfajiri unaamka umesimama? Kama alfajiri ipo na usiku haipo, mara nyingi shida ni mawazo, au huyo mjukuu. Kama hata alfajiri kimya, fikiria mishipa ya damu. Ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4, kwa hiyo ile myembamba huonyesha dalili mapema. Kuna wanaume ambao moyo huanza kuwasumbua miaka 2 hadi 5 baadaye. Pima sukari na mafuta ya damu. Dawa ya presha nayo inaweza kuchangia, hasa zile za kukojoza, ila usiiache mwenyewe, daktari ndiye abadilishe. KijanaWaZamani, nawe zima redio ukapime.

MamaWawili: Niseme ya upande wetu. Hedhi ikishakoma uke hukauka, tendo likawa kama msasa. Mimi nilinyamaza mwaka mzima, mume wangu akadhani nimemchoka, kumbe nilikuwa naogopa maumivu. Mafuta ya kulainisha yalitosha. Muulize mwenzio, taa ikiwa imezimwa, gizani maneno hutoka. Na mtoto alale kwa mama yake!

Mstaafu63: Nimerudi. Alfajiri nako kimya, nesi. Sukari kabla ya kula 9.4, na kisukari huanzia 7. Kumbe kile kiu na safari za chooni usiku nilikuwa naisingizia tezi dume bure. Daktari amesema vidonge baadaye, kwanza apime moyo. Mke nimemuuliza gizani kama nilivyoelekezwa. Alicheka, kisha akalia kidogo: alidhani nimemuona amezeeka. Mjukuu tumemhamisha, ila saa kumi alfajiri anakuja kugonga mlango.