MREJESHO: Kupata wateja wa kukarabati nyumba zilizoingia maji

Wakuu, kabla ya masika niliuliza nitapataje wateja zaidi wa kukarabati nyumba zilizoingia maji hapa Dar. Asanteni sana, kazi zimeongezeka.

Ushauri uliozaa zaidi ni wa kupiga picha kila hatua, kuanzia plasta iliyolowa hadi rangi ya mwisho. Mama mmoja wa Mikocheni aliziona kwenye status yangu ya WhatsApp, akanipigia usiku uleule maji yalipoingia kwake. Alfajiri nilikuwa pale na pampu. Kazi hii haisubiri: siku mbili tu zinatosha ukungu kuanza ukutani.

Sasa kila mteja nampa makadirio ya maandishi. Wenye bima huyahitaji, pamoja na picha, wanapodai fidia, na hao ndio wanaonitaja kwa majirani. Rangi sipaki mpaka ukuta ukauke, la sivyo chumvi inayotoka ukutani na unyevu itaibandua. Wengine hukasirika kusubiri, lakini nawaeleza wazi. Nyumba ni jasho la mtu.

Madalali nimewaacha, asilimia wanayotaka ni kubwa mno. Nimeelewana na mafundi bomba, maana bomba likipasuka wao ndio huitwa kwanza.