Mitungi ya gesi ya treila ya kambi imepita tarehe, nipo Kigoma

Treila_Gungu
Wakuu, habari za jioni. Kuna treila ya kambi ya Kimarekani hapa Gungu, ina jiko la plati tatu na friji ya gesi. Mbele, kwenye mkono wa kuvutia, imefungwa mitungi miwili ya chuma. Kwenye kola ya mmoja imepigwa 06-09 tu. Wa pili una 04-08, na pembeni kuna alama nyingine: 5, vijiherufi kadhaa, 20, halafu E. Yote imeandikwa WC 47.6 na TW 17.8. Mmoja ukiutikisa unasikia kimiminika kinacheza ndani, mwingine kimya. Wauza gesi wa Mwanga wameikataa. Inajazika popote? Kama haijaziki, treila itumieje mitungi ya hapa? Safari ni Katavi, siku kumi.

Koki_Kavu
Mkuu, tuanze na alama. 06-09 ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa sheria ya Marekani, mtungi wa aina hiyo hujazwa kwa miaka 12 tangu utengenezwe, baada ya hapo lazima ukaguliwe ndipo ujazwe tena. Huo muda wake uliisha Juni 2021. Wa pili, zile 5 na 20 maana yake ulikaguliwa Mei 2020. E maana yake ulitazamwa kwa nje tu, na ukaguzi huo hudumu miaka 5, kwa hiyo nao umekwisha tangu Mei 2025.

Tarehe hiyo inazuia kujaza. Haimaanishi mtungi utapasuka siku ya pili yake. Gesi iliyobaki unaweza kuitumia mpaka iishe, mradi chuma ni kizima. Pitisha kidole chini kwenye pete ya kukalia, ndiko maji hukaa. Ukikuta vishimo vya kutu, mbonyeo kwenye mstari wa kuchomelea, au rangi iliyoungua kwa moto, usiutumie hata kwa kuchemsha chai.

Wauza gesi wa Mwanga hawakukosea. Mtungi wa hapa ni mali ya kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni. Unapeleka mtupu, unachukua uliojaa wa kampuni hiyo hiyo. Wako hauna mwenyewe hapa, hata tarehe ingekuwa nzima wangeukataa. Usipoteze nauli kutafuta wa kuugonga muhuri mpya.

Ukisikia mtu anasema tenki la Kimarekani halina mwisho, huenda anazungumzia lile linalofungwa moja kwa moja kwenye chasisi ya basi la kulala. Lile lina kanuni zake, halihusiani na hii yako ya kubeba mkononi.

Mwana_Kibirizi
Lakini si kuna vijana wanamimina? Unapindua mtungi wa kilo 15 juu, unaunga mpira wenye nati mbili, dakika chache kazi imeisha. Bei ni ile ile ya gesi.

Koki_Kavu
Hapana, ndugu yangu. WC 47.6 ni ratili za maji mtungi unaoweza kubeba ukijaa hadi mdomoni, yaani kama kilo 21.6. Gesi inayoruhusiwa ni kilo 9 tu. Sehemu ya tano ya nafasi inaachwa wazi makusudi, kwa sababu kimiminika kikipata joto hupanuka. Mmiminaji hana mzani, anasikiliza mlio. Mtungi huo una boya ndani la kuzuia kujaa kupita kiasi, lakini boya la mwaka 2009 lililotikisika barabarani si la kuamini. Mtungi uliojaa pomoni ukakaa juani pale mbele ya treila, hakuna pa kupanukia: presha inapanda mpaka valvu ya usalama ifunguke yenyewe, kwenye presha ya kama bari 26, na inachomwaga ni kimiminika. Hapo jiko la jirani linatosha kuwasha kila kitu.

Fundi_Ujiji
Nijibu la kuunganisha mitungi ya hapa.

Chukua miwili ya kilo 6 badala ya mmoja wa 15. Ni mifupi, haiyumbi, na mmoja ukiisha usiku una wa akiba. Hesabu: friji ya aina hiyo hula kama gramu 300 kwa siku, siku kumi ni kilo 3. Plati moja kubwa hula kama gramu 150 kwa saa. Ukipika saa mbili kwa siku ni kilo 3 nyingine. Mmoja unatosha kwa kubana, wa pili ni usalama.

Ile regyuleta kubwa ya Kimarekani yenye mikono miwili ivue yote. Nati yake haiingii kwenye mtungi wa hapa, na viunganishi vya kubahatisha ndivyo vinavyovuja. Nunua regyuleta ya nyumbani ya presha ndogo inayokaa kwenye koki ya mtungi utakaouchukua. Ijaribu pale pale dukani, ikae "tak" na isicheze. Majiko ya Marekani hutaka karibu milibari 28, na regyuleta za nyumbani hutoa 28 mpaka 30, kwa hiyo zinapatana. Usinunue ile yenye kishikio cha kuzungusha, ya majiko makubwa ya mama lishe. Hiyo itarusha moto nje ya plati na kuharibu koki ya friji.

Mpira mpya wa gesi, si wa maji, na klempu za skrubu pande zote mbili. Bomba la treila mara nyingi huwa na nyuzi za inchi 3/8. Pima kwanza, kisha tafuta nipo (kiunganishi kifupi) ya shaba yenye meno ya kushika mpira. Mitungi isimame wima, ifungwe mkanda juu na chini. Ukiiweka ndani ya sanduku, toboa matundu kwenye sakafu ya sanduku, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka.

Kipimo: chukua mpira mwangavu, ukunje umbo la U, tia maji nusu, upande mmoja uunge kwenye plati ambayo umeitoa kichwa. Fungua gesi. Tofauti ya maji kati ya pande mbili inapaswa kuwa sentimita 28 hadi 30 plati nyingine ikiwaka, na ikizimwa isipande zaidi ya 35. Kisha funga koki ya mtungi, subiri dakika kumi. Maji yakishuka, kuna mvujo: povu la sabuni kila kiungo. Kiberiti hapana. Barabara ya vumbi hulegeza klempu, rudia povu mkifika Mpanda.

Treila_Gungu
Asanteni sana wakuu. Mitungi ya zamani je? Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshaniulizia, na fundi mmoja anataka kuikata atengeneze jiko la mkaa.

Koki_Kavu
Usiitoe kabla hujasoma hii. Koki za mitungi hiyo, zile zenye nyuzi nene kwa nje, hazitoi gesi kama nati ya regyuleta haijaunganishwa. Fundi akifungua koki hasikii chochote, anaamini mtungi mtupu, anashika grinda. Hata ule ulio kimya bado umejaa mvuke.

Pima kwa mzani. TW 17.8 ni ratili, sawa na kilo 8.1 za mtungi mtupu. Ukizidi hapo, unganisha jiko la treila nje, uchome mpaka moto ufe wenyewe. Kisha peleka mtungi uwanjani, mbali na moto, legeza kwa bisibisi ile skrubu ndogo ubavuni mwa koki, uuache mpaka mlio ukome kabisa. Ndipo ung'oe koki nzima kwa spana kubwa, ujaze maji hadi yafurike, ulaze siku moja, umwage, ujaze tena. Mkato wa kwanza ufanyike kwa msumeno wa mkono maji yakiwa bado ndani.

Koki yenyewe igonge nyundo ipinde nyuzi, isije ikafungwa kwenye mtungi mwingine.