Ukuta wa chumbani unalowa ghorofa ya pili, nitajuaje maji yanatoka wapi kabla ya kuvunja?

mpangaji_wa_pili:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nimechoka kupigwa danadana. Naishi ghorofa ya pili kwenye jengo la ghorofa nne, ukuta wa chumba cha kulala unalowa kuanzia chini kabisa hadi kama usawa wa goti, rangi imevimba mapovu, ukiigusa inapukutika na kwa ndani unakuta kama unga mweupe. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu langu mwenyewe. Fundi wa kwanza kaja kaangalia dakika mbili kasema ni paipu, tung'oe taili zote za bafu. Wa pili kasema ni jirani wa juu, na jirani wa juu nikimgusia hilo hataki hata kunisikia, bafu lake eti ni jipya. Msimamizi wa jengo yeye kila siku "fungua madirisha". Sasa kila mtu ana jibu ila hakuna aliyepima kitu chochote. Kuna namna ya kujua kabla sijaanza kuvunja?

fundi_mstaafu:
Usivunje hata taili moja kwanza. Unyevu wa kutoka ardhini sahau, huo unapanda kutoka kwenye msingi na mara nyingi hauvuki kama mita moja, ghorofa ya pili hauwezi kukufikia. Jirani wa juu naye simuoni sana hapa, maji yake yangeanzia darini au juu ya ukuta ndio yashuke, wewe kwako juu ni pakavu. Na huo unga mweupe ni chumvi, maji yanapita ndani ya tofali na plasta yanaibeba, yakifika usoni yanakauka yenyewe inabaki. Kwa hiyo kuna maji yanatembea ndani ya ukuta.

Anza na mita ya maji. Usiku kabla ya kulala funga koki zote, mashine ya kufua izimwe, soma namba mpaka zile nyekundu za mwisho au piga picha, asubuhi kabla hata ya kunawa uso soma tena. Ikiwa imesogea una paipu ya presha, ile inayoleta maji safi, inavuja, au tanki la choo linapitisha. Tanki unalijua kwa kutia rangi ya chakula ndani yake, usiflashi kama nusu saa hivi, rangi ikitokea kwenye bakuli la choo basi ni vali ya tanki na haina uhusiano na ukuta wako.

kaa_kimya:
Hiyo ni jasho la ukuta tu, fungua madirisha msisumbue watu

dada_wa_tatu:
@kaa_kimya sio kila ukuta unaolowa ni jasho jamani. Jasho ni mvuke wa hewa ya chumba unaogeuka maji ukutani, linapenda sehemu za baridi, kona za ukuta wa nje, nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, pembeni ya dirisha, na mara nyingi linakuja na madoadoa meusi ya kuvu, sio unga mweupe. Huu wake ni ukuta wa ndani.

Ila kupima sio vibaya mpangaji, ili msimamizi akose neno. Kausha sehemu ndogo ya ukuta na drayeri ya nywele, bandika kipande cha foili ya jikoni, ziba kingo zote nne kwa selotepu, acha siku moja au mbili. Maji yakiwa juu ya foili upande wa chumba, ni hewa ya chumba. Yakiwa nyuma ya foili yanatoka ukutani. Na kama unaweza kupata kile kipimo cha unyevu wa hewa kiweke chumbani, kikisoma chini ya asilimia 60 muda mwingi basi hadithi ya madirisha inaisha.

mpangaji_wa_pili:
Nimerudi. Mita haijasogea kabisa, ilikuwa vile vile asubuhi. Foili nyuma imelowa, mbele kavu. Halafu kitu kingine, tuliondoka wikendi nzima hakuna mtu aliyeoga na niliporudi ukuta ulikuwa umepoa, yaani rangi yake imepauka kidogo sio lile giza la kawaida.

fundi_mstaafu:
Hapo umenipa jibu karibu lote. Paipu ya presha inavuja usiku na mchana uwepo usiwepo, haijui wikendi. Unyevu unaokuja mkioga na kupungua msipooga ni wa maji yaliyotumika: dreni, paipu ya maji machafu, au maji yanayopita kwenye grauti (ile saruji ya kati ya taili) na silikoni (ule mpira wa kuziba kwenye maungio). Hayo mita haiyaoni kwa sababu yameshapita mitani.

Sasa tenganisha. Chora kwa penseli ukingo wa unyevu ukutani na uandike tarehe pembeni. Kwanza mwaga ndoo za maji moja kwa moja kwenye tundu la dreni, taratibu, bila kulowesha sakafu wala kuta, kisha subiri hadi kesho. Penseli ikipitwa, dreni au paipu yake. Isipopitwa ziba dreni, jaza sakafu maji sentimita mbili hivi (mwambie jirani wa chini kwanza aangalie dari yake!) uache mpaka kesho yake. Mwisho kabisa ndio shawa, pigisha maji kwenye taili za ule ukuta tu. Kimoja kimoja, na katikati paache papumzike, ukifanya vyote siku moja utarudi hapa unauliza tena.

jirani_mwema:
Niongeze, usiamini sana kwamba maji yanatokea pale pale yanapoonekana. Yanafuata slebu, yanafuata hata mabomba ya nyaya za umeme, yanaweza kuingia kona moja yakatokea kona nyingine. Na kama kuna soketi kwenye huo ukuta zima breka yake kabla ya yote, hilo sio la kusubiri majaribio. Kile kipimo chenye sindano mbili ambacho mafundi wanakuja nacho nacho kinadanganywa na chumvi, kikipiga kelele sio lazima ukuta uwe umeloa kiasi hicho.

mpangaji_wa_pili:
Wakuu imejulikana. Dreni hakuna kitu, sakafu ilijaa maji hakuna kitu, shawa kwenye ukuta, jioni yake tu unyevu umepita penseli kama upana wa vidole viwili. Nimemulika na tochi kwenye kona, pale taili za ukuta huo zinapokutana na za ukuta wa pembeni, juu ya pale maji ya sakafu yalipofika, silikoni imeachana na taili kwa urefu wa mkono mzima, kadi inaingia. Naweza kupaka nyingine juu?

fundi_mstaafu:
Juu hapana, silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Ikwangue yote, paache pakauke kabisa siku kadhaa bila kuoga hapo, safisha na spiriti ndio upake. Na grauti za safu ya chini zikague, ukizikwaruza zikitoka kama mchanga zirudie. Halafu rudia jaribio la shawa. Penseli ikipitwa tena ujue nyuma ya taili hakuna dawa ya kuzuia maji, hapo ndipo kuvunja kunapokuwa na maana, na ni ukuta mmoja sio bafu zima.

mpangaji_wa_pili:
Sawa mkuu, na chumbani nipake rangi lini?

fundi_mstaafu:
Usiwe na haraka. Tofali linakauka taratibu sana, mafundi huwa tunahesabu kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Plasta iliyolegea itoe sasa hivi, ukuta upumue. Chumvi ipanguse na brashi kavu, usiioshe na maji maana inayeyuka inarudi ndani. Kabati liweke mbali na ukuta kwa sasa.

dada_wa_tatu:
Na picha za penseli na foili zitume kwa msimamizi, kabla hajarudi na madirisha yake 😂