Mjadala: Je, wazee wa kale waliishi kwa nyama tupu?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Siku hizi ukifungua simu hukosi kumkuta mtu anawahimiza watu waache ugali, matunda na mboga wabaki na nyama peke yake, eti ndivyo walivyokula wawindaji kabla ya kilimo. Shahidi wao mkubwa ni bonde letu la Oldupai, Tanzania, lenye mabaki ya kale. Mimi nasema ushahidi huo wanausoma nusu.

Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua pale fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, la miaka kama milioni 1.8 iliyopita. Eneo hilohilo lilikuwa na zana za mawe na maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama. Ukiuweka mfupa kama huo chini ya hadubini, jiwe kali huwa limeacha mkwaruzo mwembamba wa umbo la V, na jino la simba au fisi limeacha kishimo au mfereji mpana. Alama hizo zimewagombanisha wataalamu kwa miaka mingi. Robert Blumenschine alisema watu walikuja simba akishashiba, wakapasua mifupa wapate uboho. Henry Bunn na Manuel Domínguez-Rodrigo wakapinga: mikwaruzo mingi iko penye mnofu, kwa hiyo watu waliwahi nyama, pengine wenyewe ndio walioua. Mimi niko na hawa wa pili. Simba akishamaliza paja, utakata nini hapo?

Kwa hiyo sibishi kwamba nyama ililiwa. Ninachobishia ni hilo neno “tupu”. Mfupa unadumu, kiazi kinaoza. Mama aliyechimba mizizi asubuhi akawalisha wanawe, fimbo yake ililiwa na mchwa na maganda yakawa udongo. Tumebaki na jalala la baba, tunasema familia nzima ilikula hicho tu.

Tazameni Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, jirani tu na Oldupai. Ni watu wa leo kama sisi, tusiwafanye sanamu za kale, ila wapo wanaoendelea kula kinachotoka porini. Mtafiti Kristen Hawkes na wenzake waliwafuata wawindaji wao miaka ya 1980 wakihesabu siku. Mwindaji alimpata mnyama mkubwa kama siku moja katika 30. Akipatikana, kambi nzima hugawana. Siku ambazo wawindaji wote wamemkosa, mtoto anakula nini? Ndege, wanyama wadogo, asali, ubuyu, matunda ya porini. Na mizizi: wanawake, na bibi wakiwa mbele, wanachokonoa katikati ya mawe kwa fimbo iliyochongwa ncha, wanaiweka motoni dakika chache, wanamenya, wanatafuna na kutema nyuzi. Ni kazi ya jua kali, na inalisha hata siku ambayo upinde umerudi mikono mitupu.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umekaa Eyasi ukasahau dunia ni pana. Nenda Ulaya wakati wa barafu. Mifupa ya Neanderthali, binadamu wa kale wa huko waliokwisha kutoweka, imepimwa naitrojeni yake, ambayo huongezeka kwa anayekula nyama, na vipimo vinawaweka pamoja na wanyama wala nyama kama mbwa mwitu. Schöningen, Ujerumani, imepatikana mikuki ya mbao pamoja na mifupa ya farasi wengi waliochinjwa. Ardhi ikiganda miezi kadhaa utachimba kiazi gani? Tena hao Wahadzabe wenyewe, walipoulizwa chakula wanachokipenda, mizizi iliburuza mkia.

Mwanzisha mada

Asante, ndugu yangu. La baridi nakubali bila shida: penye barafu nyama na mafuta ndivyo vilivyobeba maisha. Ila hoja hiyo inahusu baridi, haiwezi kubebeshwa binadamu wote.

Kuhusu mizizi, ni kweli iliburuza mkia. Iliyoongoza ni asali, si nyama. Na kinachopendwa si lazima ndicho kinachokuvusha ukame.

Na mimea haikupotea kila mahali. Border Cave, Afrika Kusini, vimepatikana vipande vya mizizi iliyoungua katika majivu ya miaka kama 170,000 iliyopita. Katika pango la Taforalt, Moroko, watu wa miaka kama 15,000 iliyopita, kabla ya kilimo, waliwinda kondoo mwitu, lakini vipimo vya isotopu za zinki (atomi za zinki zenye uzito tofauti) katika meno yao, vilivyochapishwa mwaka 2024, vinaonyesha mimea ilikuwa sehemu kubwa ya mlo wao. Zaidi ya nusu ya meno ya watu wazima wa pale yameoza, na pangoni zimeokotwa mbegu za mwaloni na za msonobari. Nyama tupu haitoboi meno kiasi hicho.

Aliye na ushahidi wa jamii hata moja ya wawindaji wa nchi za joto iliyoishi kwa nyama peke yake mwaka mzima, auweke hapa tuupime pamoja. Nitausoma wote.